Mama wa Jarubani na Pumzi Zangu

Utasema nimeota. Sema tu, lakini nilikuwa macho, jua limeshachomoza, na picha ninazo mpaka leo.

Mimi ni mtu wa Iringa, tena mwepesi wa kushuku. Hata zawadi huigeuza kwanza nione chini kuna nini. Mwaka jana nilinunua kile kilenzi cha kubana kwenye kamera ya simu, kinachokuza siafu mpaka umwone vinyweleo, nikaenda nacho kwa dada yangu anayelima mpunga kule Ubaruku. Nilikuwa sijui lolote ila jambo moja: wadudu hupigwa picha asubuhi, baridi ikiwa bado imewakamata, hawawezi kuruka.

Basi nikachuchumaa kwenye tuta la jaruba la mpunga, mbele ya kereng'ende aliyelowa umande. Ng'ambo ya jaruba alisimama mama mmoja, jembe begani. Nikamwamkia: "Kamwene, mama." Hakuitikia. Hebu niambie, ni nani huku kwetu anayeiacha kamwene ipotee hewani? Akasema tu, "Mkono unatetemeka. Bana pumzi."

Nikabana, na kweli picha ikatoka safi. Nilipoinua macho, alikuwa katikati ya jaruba. Maji yamejaa, lakini sikusikia hata chubwi. "Bana tena." Nilishuku, naapa, ila tamaa ya picha nayo ni ugonjwa. Nikabana, nikapiga. Safari hii alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, kitenge kikavu kabisa. Ndipo nilipoelewa: nikipumua anasimama, nikibana anakuja.

Ungekuwa wewe ungekimbia, si ndiyo? Nami nilitaka. Kifua kikakataa. Pumzi ilijibana yenyewe, kidole kikabonyeza simu, baridi ikanigusa shingoni. Macho yakaanza kuingia giza. Nilijua nakufa, tena kwa ajili ya mdudu.

Aliyeniokoa ni dada yangu. Alikuwa anapita barabarani na ndoo yake, hana habari, akapaza sauti: "Kamwene, kaka!" Bibi yetu Mhehe alituchapa sana kwa kutoitikia salamu. Mdomo ukafunguka wenyewe: "Kamwene!" Pumzi ikatoka. Nikageuka: hapakuwa na mtu, wala unyayo kwenye matope.

"We kaka, mbona midomo imekuwa ya bluu hivyo?" dada akauliza.

Jioni nikazikuza picha zote tatu. Jicho la kereng'ende huonyesha kilicho mbele yake kama kioo. Katika mbili za kwanza niko peke yangu. Katika ya tatu kuna uso juu ya bega langu, mdomo wazi, umeikaribia pua yangu.

Tangu hapo pumzi hukatika nikiwa usingizini. Mke wangu hulala mkono ukiwa kifuani kwangu; kikitulia, ananigonga. Daktari ana jina lake la ugonjwa huu. Mimi nina langu.

Piga picha za wadudu, ni raha. Ila nenda na mtu, na mwambie asiache kukuongelesha. Na usiyemjua akikwambia ubane pumzi, pumua kwa nguvu. Jani litikisike, mdudu aruke, picha iharibike. Wadudu wapo tele.