Ubani wa Ijumaa

Nilitoka Bukavu kwa lori hadi Bujumbura, nikaishi Kampala, nikalala kwenye viti vya uwanja wa ndege Istanbul, na nilipofika Brussels kifua changu kilikuwa kizima. Kwa hiyo kilipoanza kubana sikufikiria ugonjwa.

Nilipanga chumba mtaa wa Molenbeek kwa mama mmoja mjane aliyetoka Bujumbura. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, lakini kila Ijumaa nilikuwa mgeni wake: wali, nyama ya mbuzi, na chetezo cha ubani alichokizungusha hadi chumbani kwangu. Kwake, mgeni asiyefukizwa hajakaribishwa. Nikikohoa, alisema ni baridi ya Ulaya, akaongeza ubani ili ufungue kifua. Nami kwa adabu nikainamia chetezo na kuuvuta moshi.

Usiku kifua kilipiga filimbi, keshoye kikanyamaza. Siku nyingine nilibeba masanduku ya maduka ya barabara ya Chaussée d'Ixelles bila shida, ndiyo maana nilimwamini.

Asubuhi moja ya baridi kali nilishindwa kumaliza ngazi za metro. Nikaenda kwa daktari. Alisikiliza mgongo wangu, akauliza hali hiyo huja lini, na kama nyumbani kuna moshi. Nikamtajia ubani wa Ijumaa. Akasema ni pumu nyepesi, ya kuja na kuondoka, na moshi ndio huiamsha. Akanifundisha kutumia pampu ya buluu: itikise, toa pumzi, bonyeza huku ukivuta taratibu, kisha zuia pumzi kidogo. Ikae mfukoni, skafu ifunike pua wakati wa baridi, na nikiihitaji mara kwa mara nirudi kwake.

Kazi ikabaki kumwambia mwenye nyumba. Ijumaa alipokuja na chetezo, nilisimama mlangoni.

"Maman, daktari anasema hii moshi ndiyo inanifunga."

Alikitazama chetezo, akanitazama mimi. "Donc, yaani nilikuwa nakuua na heshima zangu?" Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuumwagia mkaa maji.

Tangu siku hiyo nyumba ilinukia wali tu. Wageni wake walipouliza, aliwaambia ubani umepanda bei. Hata leo nikipita penye ubani nashika pampu kwanza, kisha natamani kuingia.

Miguu yangu haijui kutulia. Nilipopata kazi Marseille, nikaaga. Alinisindikiza hadi stesheni, akanifunga skafu mwenyewe.

"Huko unaenda, useme mapema," aliniambia. "Usife kwa sababu ya adabu kwa nyumba ya watu."

Treni ikaondoka.