Kedate: Neno la Sista Pilari

Enzi zetu pale Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, Kihispania hakikutoka kwenye simu. Kilitoka kinywani mwa Sista Pilari, muuguzi mzungu aliyegawa uji wa soya kwenye kituo cha afya. Alikuwa na neno moja alilolipenda kuliko yote, nasi tulilitamka keda. Uji ukisalia chini ya sufuria, aligonga mwiko: keda, umebaki, leteni vikombe. Jioni akituaga alisema kedamos, yaani tumeahidiana kukutana kesho. Na mtoto akitaka kukimbia sindano, alimshika bega taratibu: kedate. Baki hapa. Tukalifanya mchezo. Ukimkamata mwenzako vumbini unamwambia kedate, naye anaganda mpaka umwachilie.

Mimi ndiye mkubwa wa watoto watatu, ndiyo maana wadogo waliniita Yaya. Baba alipotelea vitani Kivu, Mama akafia kambini, nami nikaacha shule darasa la nne ili niwapikie wadogo zangu bugali na sombe ya majani ya muhogo. Wa mwisho, Bahati, hakutamka neno tangu tulipomzika Mama. Alipenda tu kukaa karibu na Sista, akimtazama mdomo.

Sista alipokwisha kurudi kwao, jioni moja ukungu wa ziwa ulipanda hadi kwenye migomba yetu, nikasikia sauti ndogo ndani. Bahati alikuwa amesimama akiukabili mlango uliokuwa wazi. "Kedate," alisema. "Kedate."

Kesho yake vivyo hivyo, na majirani wakasikia. Watu wa chumba cha maombi wakaja na uamuzi wao: mtoto ana pepo, anasema lugha isiyojulikana, watamchukua wamfungie bila chakula wala maji mpaka pepo atoke. Kwa jinsi alivyokonda, nilijua hatarudi.

Nikawaeleza kwamba ni Kihispania tu, anasema baki hapa. Nilidhani wataenda zao. Mama Esta, jirani aliyewaongoza, akasogea mbali na mlango.

"Sawa. Lakini anaambia nani abakie?"

 Nikapiga magoti kando ya Bahati, nikamuuliza vilevile.

"Ni Mama, Yaya," akasema, kwa Kiswahili. "Anasimama pale kwa mulango. Anataka kwenda."

Nywele zilinisimama. Sikuona mtu, ila kuku wetu walikuwa wamejikusanya nje, hawataki kuvuka kizingiti. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kuongea na ile hewa tupu.

"Mama, uende tu. Batoto, mimi nabakia nabo."

Kuku wakaingia mmoja mmoja. Bahati akaomba chakula. Watu wa maombi walishika njia, na hawakumdai tena.

Leo Bahati ana kibanda cha nguo Mbarara, na mdomo wake haufungwi. Wanawe hujifunza Kihispania kwenye tamthilia. Wanajua kusema nakupenda kwa lugha nne, ila kumwamkia jirani kwa moja kunawashinda. Nyumba yao ina taa hadi uani. Nikiwa mgeni wao, jioni moja nilizizima zote, nikaacha mlango wazi, nikakaa nikiutazama. Palikuwa kimya tu. Siku hizi hata waliokufa hawapiti kuaga.