Kitabu Kilichobatizwa Kikiwa Kimefungwa

Nusu ya ukurasa wa mwisho wa gazeti dogo la parokia yetu ni yangu. Juu yangu kuna matangazo ya ndoa, chini yangu kuna saa za misa, na katikati mimi huwaambia Wakristo wa Nguba kama kitabu fulani kinastahili muda wao. Sikufika chuo kikuu. Niliacha shule mwaka wa nne wa sekondari, nikaendelea peke yangu, kwa utaratibu. Kila kitabu nakisoma mara mbili, penseli mkononi, na kila nililo nalo la kusema naliandika kwenye kadi yenye namba ya ukurasa. Ni njia ya polepole. Wachambuzi wengine wa mji huu wana njia ya haraka zaidi: wanasoma jalada la nyuma.

Siwalaumu sana. Kwetu kitabu kikitoka kinabatizwa kama mtoto. Kunakuwa na ukumbi, viti vya plastiki, baba wa ubatizo anayeimwagia bia kidogo nakala ya kwanza, na wasemaji watatu wa kukisifu. Vitabu hukaa vimefungwa utepe, na hakuna anayeufungua kabla ya bia. Baada ya bia zinakuja sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, kwa hiyo hakuna anayeufungua baada ya bia pia.

Jirani yangu, mkaguzi wa shule mstaafu, alikuja kuniomba niwe msemaji wa tatu.

"Papa," aliniambia, "batu watasema vizuri, ile najua. Watasema vizuri hata kama niliandika namna ya kupika sombe. Miye nataka mutu mumoja aisome. Mumoja tu! Miaka kumi na moja niliandika, hata bibi yangu hajasoma."

"Nitaisoma."

"Yote?"

"Yote. Mara mbili."

Aliniangalia kama mtu aliyeahidiwa kiwanja.

Vitabu vilifika kutoka kwa mchapaji wa ng'ambo ya mpaka siku tatu kabla ya sherehe. Nilimlazimisha afungue katoni moja anipe nakala. Yeye mwenyewe alikataa kuifungua ya kwake. Aliona ni kama kuonja divai ya misa kabla ya padri.

Zilikuwa kumbukumbu za miaka yake ya kuzungukia shule za vijijini huko Walungu, mara akibebwa na baiskeli, mara akiibeba. Nilisoma vizuri hadi ukurasa wa 80. Uliofuata ulikuwa wa 65. Nilidhani nimechoka. Nikasoma tena kurasa kumi na sita zilezile, na baada yake ukaja ukurasa wa 97. Sura ya nne nzima haikuwamo. Kilichokuwamo ni kichwa chake tu, kwenye orodha ya yaliyomo: "Shule Zisizo na Paa."

Niliamini ni nakala yangu peke yake. Nilimpigia simu jirani mara mbili.

"Papa, mambo ya kitabu tutaongea kisha," alipiga kelele, "hapa nimekosa viti!"

Jumapili viti vilikuwa vimepatikana na ukumbi ukajaa, kila mtu na nakala yake yenye utepe. Msemaji wa kwanza alikuwa profesa, ambaye kila mtu humwita Dokta. Alisema dakika ishirini, kisha akashusha sauti.

"Lakini iliyonigusa zaidi ni sura ya nne. Ile ya shule bila paa. Nikiwa nasoma, machozi ikatoka."

Makofi. Msemaji wa pili alisema anakubaliana na Dokta kabisa kuhusu sura ya nne. Mkaguzi, mstari wa mbele, ndani ya suti yake ya kijivu, aliitikia kwa kichwa kila sifa.

Nilifurahi, na sisemi hivi kwa kejeli. Basi sura ipo kwenye nakala za wengine! Zamu yangu ilipofika nilianza kwa kuomba radhi: nakala yangu ilikuwa na kasoro, kwa hiyo sura ya nne sikuisoma. Kisha nikamgeukia profesa.

"Dokta, naomba unikopeshe ya kwako, niiangalie kidogo."

Kitabu kilikuwa mapajani mwake. Utepe ulikuwa bado juu yake, fundo likiwa halijaguswa.

"Fungula, Dokta!" maman mmoja alisema kutoka nyuma. "Fungula tuone!"

Dokta alijaribu kwa kucha, kisha kwa meno. Ukumbi mzima ukaanza kuvuta tepe. Ikasikika sauti ya kurasa zikigeuzwa, ambayo sijawahi kuisikia kwenye ubatizo wa kitabu.

"Hata yangu haina!"

"Dokta, uliliya ku page gani?"

Watu walicheka hadi viti vikalia. Mkaguzi hakucheka. Alisimama, na mimi nikajua nimemvunjia sherehe aliyoingojea miaka kumi na moja. Alimpita Dokta bila kumtazama, akaja mpaka mbele yangu.

"Zingine ulisoma?"

"Mara mbili."

"Kadi ziko ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Leta."

Baba wa ubatizo, chupa mkononi, aliuliza kama amwage au asimwage. Mwishowe akajimiminia mwenyewe.

Tulikaa kwenye meza ya sambaza. Nilimwambia kwamba ukurasa wa 31, anapowazungumzia walimu waliosahauliwa, ni wa kweli na asiuguse. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ukurasa wa 44 hadi 51," nikaendelea. "Kurasa nane za baiskeli. Mbili zingetosha."

"Mbili?" Sauti yake ilifika mlangoni. "Ilinibeba miaka kumi na ine, unaipa page mbili?"

"Tatu, basi."

"Weye unajua nini juu ya baiskeli, Papa?"

"Najua mnyororo wake umekatika mara sita, na mara zote umeandika kwamba Mungu alikuwa anakujaribu."

Alichukua kitabu chake, akakata utepe kwa kisu cha mkate, akakifungua kwa mara ya kwanza. Alisoma akihesabu kwa kidole.

"Tano," akasema.

"Ya sita iko chini ya ukurasa wa 51."

Akageuza ukurasa. Watu walikuwa wanaaga, mtu akaondoa sahani chini ya viwiko vyetu, na nyuma walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Tulikuwa bado kwenye kadi ya saba.