Mpunga Mezani kwa Balbina

Balbina Matimbwa hakuumbwa kunong'ona. Alizaliwa Kiberege katika nyumba yenye watoto wengi, ambamo asiyepaza sauti alilala bila mboga, na alipokuja kupata kazi akapata ya kukaa katika chumba chenye vibao vya kuwaamuru watu wanyamaze. Ni mkutubi wa chuo kidogo cha kilimo hapa Ifakara. Vibao vile anavisimamia vizuri tu, lakini sauti yake ilibidi itafute mlango mwingine wa kutokea, ikaupata katika Habari za Maktaba.

Habari za Maktaba ni ukurasa mmoja unaotoka kila Ijumaa. Balbina anauandika mwenyewe. Nakala moja anaibandika mlangoni, nyingine kantini, jirani na dirisha la chapati ambapo hakuna mwanafunzi asiyepita, kisha anautuma kwenye kundi la WhatsApp la chuo. Humo utaambiwa vitabu gani vipya vimefika, kompyuta ipi imepona, na namna ya kuingia bure kwenye majarida ya kilimo mtandaoni. Utakutana pia na ulimi wake. "Kile kitabu cha udongo tulichokililia tangu mwaka jana," aliandika safari moja, "kimeonekana bwenini, kikizuia mlango usijifunge. Tunamshukuru aliyekitunza. Sasa akirudishe, mlango autafutie tofali."

Watu walisoma, wakacheka, wakatumiana. Ubaya ni kwamba wengi waliishia hapo hapo kwenye kucheka. Chumba cha kusomea kilibaki na viti vyake, na viti vile vilikuwa vikionekana vizuri mno kutoka dirisha la ofisi ya mkuu wa chuo.

Mkuu mwenyewe, Bwana Anselim, si mtu mbaya, tusimsingizie. Chuo anakijali karibu sawa na shamba lake la mpunga kule Michenga, na shamba hilo analijali kweli kweli: huwezi kumsalimia usiambiwe mpunga umefika wapi, kana kwamba ni mtoto aliyeanza shule. Lakini viti vitupu vilimkera. Siku ya kikao cha wakufunzi akalisema.

"Mama Balbina, sikulaumu wewe. Wanafunzi wa siku hizi maktaba yao iko mfukoni. Chumba kile tukigawe, tupate ofisi. Vitabu tutavihamishia stoo ya jikoni."

"Mkuu, panya wa stoo ile hawasomi," Balbina akajibu. "Wanatafuna."

Kikao kizima kikacheka, na mkuu akacheka pia, lakini uamuzi ulibaki pale pale. Jumatatu fundi angekuja kupima mahali pa kupitisha ukuta.

Iliuma. Chumba hicho Balbina alikipokea kikiwa hakina kitu ila mende na rafu moja iliyopinda. Ni yeye aliyewaomba wafadhili vitabu mpaka wakamchoka, na kila masika mafuriko yakitishia ni yeye anayepandisha vitabu vya rafu za chini juu ya meza. Sasa viende kulala na magunia ya maharage! Hata hivyo hakwenda kumlilia mtu. Alikaa, akakunja mikono ya gauni, akaandika toleo la Ijumaa kwa moto kuliko alivyowahi kuliandika.

Mwaka huo majaruba yalikuwa yameingiliwa na kimyanga, ule ugonjwa unaoufanya mpunga kuwa wa njano na kudumaa, na bonde zima lilikuwa halizungumzi jambo lingine. Kumbe majarida ya mtandaoni yalikuwa na mengi juu yake. Basi Balbina akaandika: "Mwenye mpunga unaoumwa asihangaike. Aje maktaba Jumatatu asubuhi, majibu tunayo. Karibuni nyote." Alikuwa akiwasemesha wanafunzi. Alitaka wajae siku hiyo, mkuu na fundi wake waingie wakose pa kukanyaga.

Mwanafunzi mmoja mwenyeji wa Michenga akaona habari ile inamfaa mama yake, akamtumia. Mama huyo, Paskazia, ndiye katibu wa kigango, na Jumapili baada ya ibada, katekista alipompisha asome matangazo, akalisoma na la maktaba, katikati ya zamu ya usafi na ndoa zitakazofungwa. Sasa, anayewajua watu wa kigango kile anajua kwamba jambo likishasomwa kwenye matangazo halijadiliwi, linatekelezwa. Likisomwa tangazo la chanjo, watu hubeba watoto. Likisomwa la josho, hupeleka ng'ombe. Jumapili hiyo lilisomwa la mpunga unaoumwa.

Jumatatu, Balbina alikuwa akifuta meza aliposikia kengele za baiskeli nje. Akachungulia. Uwanja ulikuwa umejaa wakulima, na nyuma ya kila baiskeli kulikuwa na ndoo, furushi au kiroba. Mbele yao alisimama mama mmoja aliyevaa kitenge cha sikukuu, ndoo imefunikwa khanga.

"Habari za asubuhi, dada. Mimi Paskazia, katibu wa kigango cha Michenga. Tumeitika."

"Karibuni sana. Mmeitika nini, dada yangu?"

"Tangazo. Wagonjwa tumekuletea." Akaifunua ile khanga. Ndani kulikuwa na mashina ya mpunga, ya njano, na mizizi yake na matope yake.

Kwa kitambo Balbina alitamani ardhi ipasuke immeze. Matope, sakafu aliyoipiga deki, mkuu njiani na fundi! Kanuni za maktaba, ambazo alizitunga yeye, zilisema ni wanafunzi na wakufunzi tu. Lakini akawatazama watu wale waliotoka kwao na giza kwa ajili ya maneno yake mwenyewe, akaona kwamba akiwafukuza, hata kile chumba hakistahili kupiganiwa.

"Ingieni," alisema. "Msiweke chini, wekeni mezani."

Akatandaza magazeti ya zamani juu ya meza zote, kisha akachukua simu akaandika kwenye kundi la chuo: "Habari ya dharura kutoka maktaba. Wagonjwa wamefika. Madaktari mko wapi?"

Wanafunzi walikuja mbio, wengi kwa ajili ya kucheka na kupiga picha. Walipojaa, Balbina akasimama katikati yao, na kwa mara ya kwanza ndani ya chumba kile akaitumia sauti yake yote.

"Simu hizo hizo mnazopigia picha! Fungueni ukurasa wa majarida. Pasiwedi mnayo tangu Ijumaa, kama hamkuishia kwenye utani. Kila mgonjwa na watu wake, someni, na mnachosoma waambieni wenye mpunga kwa Kiswahili kinacholiwa."

Mkufunzi wa mazao, Aikande, alipofika alitaka kuanza kufundisha, kisha akabadili mawazo. Akazunguka tu meza hadi meza, akiuliza, "Umeliona wapi hilo? Hebu nionyeshe." Waliokosa intaneti wakakimbilia rafu. Vitabu ambavyo havijaguswa tangu vipigwe muhuri vikafunguliwa, kurasa zikaona mwanga. Mzee mmoja akataka aelezwe upya, na Paskazia akamrudishia kwa Kindamba, lugha ya kwao, kwa mikono na macho.

"Sasa dawa yake ipi?" Paskazia akauliza.

Binti aliyekuwa akisoma akasita. "Imeandikwa hakuna dawa ya kuutibu, mama."

Chumba kikaguna. "Na ile chupa tuliyouziwa dukani?"

"Ile inaua wadudu wanaoueneza," Aikande akasema. "Ugonjwa ukishaingia kwenye shina haiutoi. Endelea kusoma, mama asikie la kufanya."

Binti akaendelea. Mashina yaliyougua yang'olewe mapema na kuteketezwa. Magugu ya kandokando yasafishwe. Mbegu zinazouvumilia zipo, ziulizwe. Tena ugonjwa huu hubebwa na panga, na jembe, na mikono ya mtu atokaye jaruba lenye ugonjwa kwenda kwenye lenye afya. Alipofika kwenye mikono, akaitazama ya kwake. Watu wote wakatazama mikono yao. Asubuhi nzima walikuwa wamepokezana mashina yale kama karanga msibani.

"Sabuni!" Balbina akapaza sauti. "Hakuna anayetoka hapa kwenda shambani bila kunawa. Na mashina hayarudi Michenga, tutayachoma hapa hapa."

Ndipo mkuu wa chuo akaingia, fundi nyuma yake na futi kamba mkononi. Aliyaona matope kwanza. Uso ukamwiva, akafungua mdomo, na hapo macho yake yakamwangukia mtu mmoja mwembamba aliyejibana pembeni na kiroba chake. Alikuwa Evaristo, msimamizi wa shamba lake.

"Evaristo? Nani yuko shambani?"

"Shikamoo, mkuu." Evaristo akakitazama kiroba. "Nilikuwa nikiogopa kukuambia. Nimeuleta wa kwako."

Akautoa, akauweka mezani. Ulikuwa mfupi, wa njano, na suke limekwama ndani. Bwana Anselim akauinamia, akautazama. Watu waliomzoea na hadithi za mpunga wake wakainamisha macho, maana ilitia huruma kweli.

Balbina alikuwa na maneno tayari. Alikuwa nayo tangu siku ya kikao, makali, na yangetua vizuri mbele ya watu wote wale. Akayameza. Akamgusa bega mwanafunzi aliyekaa karibu na meza ile ili asogee, akamwonyesha mkuu nafasi kwenye benchi.

"Karibu hapa, mkuu. Viti vyote vina watu. Huyu binti anasoma vizuri, atakuanzia mwanzo."

Mkuu akaketi, goti kwa goti na Evaristo, akavaa miwani. Binti akaanza upya, taratibu, kidole juu ya mstari. Kila meza ilikuwa na kelele zake. Huku wanabishana juu ya mbegu, kule wanagombea kitabu, na mlangoni watu wamepanga foleni kwenye ndoo ya kunawia. Fundi alisubiri, akachoka. Akauvuta utepe wake mpaka dirishani, akaita:

"Mkuu! Ukuta tuuanzie hapa au kule?"

Bwana Anselim hakuinua hata uso kutoka kwenye ukurasa.

"Punguza sauti, fundi," alisema. "Hapa ni maktaba."

Balbina akageukia rafu haraka, akajifanya anapanga vitabu. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanamtoka.