Maji ya Vita na Mikono ya Mjomba

Bisha kama unaweza, wewe uliyekalia dawati mpaka makalio yakaota sugu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini hili nalijua kukushinda.

Nilipokuwa mtoto pale mjini Baraka, kando ya ziwa, wakati wa vita, hakukuwa na mwanaume kama mjomba wangu, kaka wa mama. Nguvu zangu hizi nilizirithi kwake, uliza wasichana wa Kazimia! Wapiganaji walimchukua, wakamwogesha maji ya kuzuia risasi. Mwiko wa maji hayo: mwanamke asikuguse.

Kisha akarudishwa kwetu, mikono yake imeanza kutetemeka. Miguu ikalegea, ulimi ukawa unachezacheza, bugali ikawa inampalia. Kifua kikavimba kama cha msichana. Mganga wa maji akaja uani kwetu, akamnyooshea mama kidole.

“We ulimugusa. Maji imemugeuza mwanamuke.”

“Nilimulisha mboga ya sombe tu, baba. Ni ndugu yangu. Mi nimuache na njaa?”

Mjomba akajikokota mpaka mlangoni, maneno yakimtoka kwa shida. “Muache dada yangu. Mujomba wetu naye alitetemeka hivi hivi, na hii maji yenu haikukuwako bado.”

Ungedhani mganga atanyamaza. Wapi! Alicheka. “Munasikia? Basi ulozi iko kwa bamama yao tangu zamani.”

Siku hiyo hiyo mimi na mama tulifukuzwa, tukavuka ziwa. Mjomba alibaki bila mtu wa kumpondea chakula na kumlisha taratibu. Alipaliwa, akafa.

Ng'ambo, daktari wa kambi ya wakimbizi alimsikiliza mama mpaka mwisho. Akasema ugonjwa huo upo. Kasoro iko kwenye vinasaba, urithi ule ule uliokupa wewe pua ya babu yako. Mama huipitisha kwa mwanawe, mwenyewe haugui. Mwilini kuna vipokezi vya homoni ya kiume. Vya wanaume hao vimeumbika vibaya, ndiyo maana kifua huvimba, na homoni ikivishika, neva zinazoendesha misuli huharibika polepole.

Yaani ule uanaume waliosema mama kauiba, ndio uliokuwa unamla mjomba! Na waliona kweli kwamba jambo hili linapita kwa akina mama. Wakaufanya ukweli huo fimbo ya kumchapia mama yangu. Sijawasamehe.

Lakini kipo nilichokuficha. Tulirudi Baraka. Juzi mama alinipa chai, kikombe kikanitetemeka mkononi. Alikitazama, akanitazama.

“Ni baridi tu, mama,” nikamwambia.

Jua lilikuwa utosini.