Mama Alisema Nasomea Dawa

Siku ya shukrani kanisani mama alishika maikrofoni kwa mikono miwili, akatangaza kwamba Mungu amenipeleka chuo kikuu kusomea dawa. Wamama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa akaniita mbele, akaiombea mikono yangu iwe ya uponyaji, na mimi nimesimama pale na suti ya kuazima, nimeinamisha kichwa kama mtu mcha Mungu. Dawa gani? Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ukunga. Shahada nzima ya kuzalisha wanawake na kutunza vichanga. Mama alijua vizuri sana, maana nilikuwa nimemwambia mwenyewe wiki iliyotangulia, naye akaendelea kuchambua ndengu, kisha akauliza kama hakuna mahali pengine wangeweza kunihamishia.

Hakukuwa na mahali. Niliomba udaktari, alama zikapungua kidogo, wakanitupa huko. Muhula wa kwanza niliuchukia kwelikweli. Darasa lilijaa wasichana, na sisi wavulana wachache tulikaa kona moja kama watu walioingia msiba usio wao. Wodini mama wa kwanza niliyemkaribia alisema, "Huyu kijana atoke, ama nitoke mimi," nikatoka. Wa pili hakuwa na nguvu za kunifukuza. Alinishika mkono akaung'ang'ania mpaka mwisho, na mtoto alipotoka nilimpangusa, akalia, akanikojolea kifuani. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo sikutaka kuhamishiwa popote.

Nyumbani, lakini, nilibaki mtu wa dawa. Tulikuwa tumehamia mtaa wa Kware baada ya baba kufariki. Baba alikuwa mchongaji wa vinyago, na alipoondoka nyumba tuliyokaa mtaa wa Jericho nayo ikatutoka. Sasa tulikuwa na chumba kimoja orofa ya tatu ya ploti ya kupanga, mlango ukitazama ngazi, na pazia katikati: upande mmoja kitanda changu, upande wa pili kitanda cha mama, jiko na viti. Jirani akiwashwa ngozi alikuja kwangu. Mtoto akikohoa, "Dakta, tumpe gani?" Nilijibu nilichokijua, nisichokijua nikawatuma hospitali.

Nikamwuliza mama siku moja, "Mwaitu, nikimaliza shule utawaambia nini?"

"Utasoma ingine juu yake," akasema. "Hiyo ya kwanza nani atauliza?"

Si kwamba hakuwa na sababu. Kwao Ukambani, mwanamke akishikwa na uchungu wanaume waliondoka hata karibu na nyumba. Mwanamume mzima kuchungulia wake za watu, aliniambia, nani atakupa binti yake? Aliogopa kuchekwa, hasa na wale wamama wa kanisa wenye wana wahasibu. Woga huo naujua, ningeweza hata kuuheshimu. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mama yangu alikuwa anaficha kitu ambacho hata uchi si.

Orofa moja juu yetu alihamia msichana mjamzito, mtu wa kutoka Murang'a, na mume wake aliyefanya kibarua Industrial Area. Mimba yake ya kwanza. Kila akipandisha mtungi wa maji alipumzika mlangoni petu, na mama alimtolea kigoda, wakapiga stori. Alimpenda. Mimi nilikaa ndani nikitazama miguu yake iliyovimba, na maswali yakanijaa kooni: unaumwa na kichwa? Wamekupima presha? Kliniki umerudi? Siku nilipomwuliza kama mtoto anacheza vizuri tumboni, mama alikohoa kikohozi kile cha kuniambia ninyamaze. Msichana akacheka. "Anacheza mpira kabisa, dakta."

Siku yenyewe nilikuwa nimetoka zamu hospitalini asubuhi, nikanywa chai, nikalala nyuma ya pazia. Anayelala mchana Kware hujifunza kutosikia: redio, watoto, mafundi, wauza mitumba na vipaza sauti vyao. Nililala kama gogo.

Nilipoamka mchana umeenda, mama alikuwa anaosha ngazi kwa maji ya sabuni. Nikamwuliza kumemwagika nini.

"Yule msichana wa juu," akasema bila kuinua kichwa. "Alikuwa anashuka aende hospitali, akashindwa. Amezaa hapa. Mtoto hakulia."

"Hapa wapi?"

"Hapa mlangoni. Wamempeleka hospitali na mtoto amefungwa kwa leso. Wanasema mtoto hayupo tena."

Alinieleza polepole, kama mtu anayesimulia mambo ya jirani wa mbali. Wanawake walikuwa wamegonga mlango wetu wakiniulizia, angalau niwape glavu au kitu cha kutuliza maumivu. Mama akawaambia nimetoka. Basi wakamwita mama wa mboga, kwa kuwa amezaa saba, na yeye akafanya alichokijua. Mtoto alipotoka kimya walimning'iniza miguu juu, wakampiga mgongoni, wakammwagia maji baridi. Kisha wakamfunga, wakaanza kulia.

"Mwaitu, mbona hukuniamsha?"

"Vijana wa ploti walikuwa wamejaa kwenye ngazi wanatazama. Utoke uiname pale, katikati ya miguu ya mke wa mtu? Kesho ningepita wapi?"

Mtoto akizaliwa kimya hajafa bado. Hilo ni somo la mwanzo kabisa. Unampangusa kwa kitambaa kikavu, unamsugua mgongo, unamfunika apate joto, asipovuta pumzi unampulizia wewe, taratibu, mpaka kifua kiinuke. Nilikuwa nimefanya hivyo wodini mara nyingi, na wengi waliamka wakapiga kelele kutulaani sote. Kummwagia maji baridi ndicho kitu usichofanya. Sisemi yule angepona. Wako wasiopona hata mikononi mwa mabingwa. Ila pale ngazini hakuna aliyejua la kufanya, na aliyejua alikuwa anakoroma upande wa pili wa ukuta kwa sababu mama yake anaogopa kuchekwa. Nilikasirika hadi meno yakaniuma. Chakula chake sikukila siku hiyo, naye akakifunika, akakiweka.

Msichana alirudi kutoka hospitali. Baada ya siku chache aligonga mlango wetu mchana. Mama alikuwa anapika githeri. Alimkaribisha, akampa kigoda kilekile, akamwambia pole, Mungu ndiye anayejua. Msichana aliitikia, lakini alikuwa amekuja kwangu. Alikuwa amejifunga leso kifuani, na ilikuwa na unyevu.

"Dakta," akasema, "kuna dawa ya kukausha maziwa? Yanatoka tu. Hayajui."

Nikamwambia dawa haihitajiki. Asiyakamue, kwa sababu ukikamua yanazidi kuja. Avae sidiria ya kumbana kidogo, aweke kitambaa cha maji baridi yakimuuma, hata jani la kabeji husaidia. Yatapungua yenyewe siku baada ya siku. Titi likiwa jekundu, au akihisi homa, arudi hospitali upesi. Nikamwuliza kama damu inatoka nyingi, kama anapata usingizi, kama kuna mtu anayekaa naye mumewe akiwa kazini. Nilimwuliza yote niliyokuwa nimeyameza miezi ile, na mama akaacha kukoroga githeri.

Msichana alinitazama. "Hayo wanafunza watu wa dawa?"

"Sisomei dawa," nikasema. "Nasomea ukunga. Nazalisha."

"Tangu lini?"

"Huu mwaka wa tatu."

Alihesabu kitu kichwani mwake, nikamwona. "Siku ile ulikuwa umeenda wapi?"

"Alikuwa hospitali," mama akadakia. "Kazi ilikuwa nyingi huko."

Na msichana akaanza kutikisa kichwa kukubali, maskini, yuko tayari kabisa kumwachia Mungu. Hapo ndipo niliposhindwa.

"Nilikuwa hapa," nikasema. "Nimelala. Waliambiwa sipo."

Alitazama pazia. Akatazama mlango. Ulikuwa wazi, na ngazi zilionekana, pale alipozalia. Kisha akamtazama mama yangu. Alisimama akishikilia ukuta, akakirudisha kigoda mahali pake kama mgeni mwenye adabu, akatoka. Tulimsikia akipanda, polepole, kisha mlango wa juu ukafungwa.

Mama alifunika sufuria.

"Haya," akasema. "Sasa ploti nzima itajua."