Kibuyu Kidogo Nyuma ya Nyumba

Nilirudi Ngenge nimechoshwa na barabara, nikamkuta baba mkubwa aliyenilea anakunywa rubisi, pombe ya ndizi, peke yake nyuma ya nyumba. Kijiji kilikuwa kipya, cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari. Jioni wanaume walizunguka kibuyu kimoja, mrija ukipita kinywa hadi kinywa. Yeye alitengewa kibuyu kidogo na mrija wake, kwa kuwa zahanati ilisema ana kifua kikuu.

Sindano alizimaliza, kikohozi kikabaki. Makohozi yalipimwa, vijidudu havikuonekana, wakamwanzishia sindano upya. Shule niliiacha mapema, lakini kutazama sijaacha. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba na kuwa duara, sauti inakwaruza, na juu ya mfupa wa bega palikuwa na uvimbe mgumu. Nikauliza kila mtu. Nilipochoka kuuliza, nikampeleka Bukoba.

Daktari aliubonyeza ule uvimbe, akavishika vidole kimoja kimoja, akauliza kuhusu kiko cha tumbaku kilichochungulia mfukoni mwake.

“Navuta tangu ujana, waitu,” baba mkubwa akamjibu, kwa neno la heshima la kwetu.

Wakampiga picha ya kifua. Niliomba kuiona: upande mmoja kulikuwa na doa jeupe, kingo zake zimechanika. Kisha wakakata kipande cha uvimbe, kikapelekwa Mwanza. Tukangoja mtaa wa Bakoba, mjini humo humo, katika chumba cha kuazima, tukila ndizi bila hamu, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akipumua.

Jibu lilipofika daktari alituketisha. “Mzee, si kifua kikuu. Ni kansa ya mapafu, na imeshasambaa. Dawa ya kuiondoa hatuna.”

“Inaambukiza?” baba mkubwa akauliza.

“Hapana.”

“Hata kwa mrija wa pombe?”

Daktari akanitazama kwanza. “Hata kwa mrija.”

Baba mkubwa alifunga vifungo vya shati polepole. “Twende nyumbani.”

Jioni ya kwanza ya kurudi kijijini aliketi kwenye duara. Watu wakasogeza vigoda kando. Mmoja akakumbuka kwamba mbuzi wake hajafungwa, akaondoka. Rafiki wa utotoni wa baba mkubwa ndiye aliyekuwa na mrija.

“Wewe, wamekuruhusu au umetoroka?”

“Wamesema si kifua kikuu. Ni kansa, nitakufa nayo peke yangu. Wewe utakufa na uchoyo wako. Lete.”

Baadhi wakacheka. Rafiki akautoa mrija kinywani mwake, akampa bila kuufuta.

Baba mkubwa alivuta mara moja, akakohoa, nguvu zikaisha. Akabaki ameushikilia tu mdomoni, muda mrefu kuliko zamu ya mtu yeyote. Hakuna aliyemharakisha.